Seva Yangu Ilikuwa Nyuma ya Kisiagi

Kila wiki lazima mtu aniulize hili swali. Kawaida ni kijana wa miaka kumi na nane ama ishirini, ameweka pesa kidogo, na macho yanawaka: "Bro, nataka kuanza kuhosti tovuti za watu. Ninunue seva gani?"

Huwa najibu kwa kifupi: usinunue bado. Halafu naonekana kama msee ameshaingia ndani na sasa anawafungia wengine mlango. Si hivyo. Leo nataka kujibu vizuri, na ili nijibu vizuri itabidi niseme kitu ambacho sijawahi kusema hapa. Kuna mzee mmoja wa Malaba alipoteza kazi ya miezi mitatu na nusu kwa sababu yangu. Si hackers, si serikali, si stima. Mimi.

Wacha nianze mwanzo.

Mimi ni wa Khunyangu, lakini shughuli zangu ziko Busia mjini. Nilimaliza shule, nikaingia kazi ya saiba: kuprinti, kujazia watu fomu za serikali, kupiga picha za pasipoti. Pale ndio niliona kitu. Watu wetu wanafanya biashara kubwa sana na hawana hata ukurasa mmoja wa kuonyesha. Mtu anauza omena hadi Mbale na Kampala, mwingine ana duka la spea za lori, mwingine ana shule ya chekechea, na wote wako WhatsApp tu. Ukiwaambia watengeneze tovuti, wanaogopa mambo mawili: kulipa kwa dola, na kuongea na mtu wa mbali ambaye hawajui sura yake.

Nikasema, sawa, mimi nitakuwa huyo mtu. Shilingi 300 kwa mwezi, unalipa kwa M-Pesa, ukiwa na shida unakuja saiba unanipata.

Kwa wale hawajui, kuhosti tovuti ni kumkodishia mtu nafasi kwenye kompyuta ambayo haizimwi. Tovuti ni mafaili. Yanakaa mahali. Mtu akiandika jina la tovuti kwa simu yake, simu inauliza njia, inafika kwa hiyo kompyuta, inapewa faili. Hiyo kompyuta ndiyo seva. Haina uchawi. Hata ile iko mbele yako unaweza kuigeuza seva jioni hii hii.

Na hapo ndipo nilipotea. Nilisikia "haina uchawi" nikadhani maana yake ni "haina kazi."

Januari 2023 nilinunua kompyuta ya mezani ya mtumba, zile zinatoka maofisi ya Ulaya, kwa shilingi 18,000. RAM gigabaiti 8, disiki moja ya zamani ya kuzunguka. Nikaongeza swichi ndogo, ruta, na UPS ya mtumba. Mjomba wangu ana kisiagi karibu na stendi, na nyuma yake kuna chumba alikuwa anaweka magunia matupu. Akaniambia, "Weka mashine yako hapo, bora usinizibie njia." Sikulipa kodi. Niliona ni baraka.

Kama umewahi kuingia kisiagi unajua tayari shida iko wapi. Kuna unga kila mahali. Feni ya kompyuta inavuta hewa, hewa inakuja na unga, na baada ya mwezi nilifungua nikapata ndani kumekuwa keki. Ya pili ni stima. Ile mota ya kisiagi ikianza kuzunguka inavuta umeme kwa nguvu sana mara moja. Taa za chumba zinafifia sekunde moja, halafu zinarudi. Wewe kwa macho unaona kitu kidogo. Disiki inayozunguka inaona kitu kingine.

Kebo nilikata mwenyewe. Hii sehemu naipenda, kwa hivyo nivumilieni. Kebo ya mtandao ina nyaya nane ndani, zimesokotwa mbili mbili. Unazipanga: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ukiangalia, kijani imetenganishwa na mwenzake, na bluu zimewekwa katikati. Mimi nikaona huo ni ujinga, nikapanga rangi zangu jozi jozi pande zote mbili, nadhifu kabisa. Kifaa cha kupimia kikawasha taa zote nane. Safi! Lakini mtandao ulikuwa unatambaa kama lori za Malaba. Siku tatu nalaumu ruta. Kumbe nyaya husokotwa ili moja ifute kelele ya mwenzake, na ukizipanga kienyeji unavunja ile ndoa. Umeme unapita, kwa hivyo kifaa kinasema sawa, lakini data inapotea njiani.

Kumbuka hilo la taa za kijani. Nitalirudia.

Shida iliyonikaza zaidi ilikuwa anwani. Seva inahitaji anwani ya IP ambayo dunia nzima inaiona. Anwani za aina ya zamani, IPv4, ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na zimeshagawanywa karibu zote. Kwa hivyo kampuni nyingi za intaneti zinaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Fikiria sanduku la posta la shule. Wanafunzi 600, S.L.P. moja. Kutuma barua nje ni rahisi. Lakini barua ikiingia bila jina lako, mwalimu anayefungua sanduku hajui ampe nani. Mteja akitaka tovuti iliyo kwa mashine yangu, ombi lake linafika kwa hilo sanduku na linaishia hapo.

Kuomba anwani yangu binafsi, nikaambiwa ni ya wateja wa biashara, na bei yake ilinifanya nicheke. Basi nikatafuta njia ya kuzunguka. Nikakodi seva ndogo Ujerumani, dola 5 kwa mwezi, yenye anwani ya wazi. Halafu nikachimba handaki kwa programu inaitwa WireGuard, kutoka kwa hiyo ya kukodi hadi kwa mashine yangu ya kisiagi. Mteja anagonga mlango Ujerumani, ombi linapita kwa handaki, linafika Busia, jibu linarudi njia ile ile.

Ilifanya kazi, nikapiga nduru. Lakini hebu angalia ramani na mimi. Mtu ako Malaba, kama kilomita 30 kutoka kwa mashine yangu. Anafungua tovuti. Ombi linaenda Ujerumani, linakuja Busia, jibu linarudi Ujerumani, linakuja Malaba. Ukipima kama ndege hiyo ni zaidi ya kilomita 24,000. Ili kumsalimia jirani.

Tena hiyo ni hadithi ya zamani Kenya, mimi nilikuwa nairudia tu. Kabla ya 2000, barua pepe ya kutoka ofisi moja Nairobi kwenda ofisi nyingine Nairobi ilikuwa inaweza kupanda setilaiti, ikaenda ng'ambo, ikarudi. Kampuni za intaneti zikakubaliana kujenga mahali pa kubadilishana data hapa hapa nyumbani, KIXP. Ikafunguliwa Novemba 2000. Telkom Kenya, ambayo wakati huo ilikuwa na ukiritimba wa laini za kimataifa, ikalalamika, na baada ya kama wiki mbili mdhibiti akaifunga. Ilirudi Februari 2002 baada ya vita virefu vya makaratasi. Watu walipigana ili data ya Nairobi ikae Nairobi, na mimi miaka ishirini baadaye naitoa Busia naipeleka Ujerumani ndio irudi Busia.

Kinachouma zaidi ni kwamba sisi wa mpakani tumekaa juu ya barabara yenyewe. Uganda haina bahari. Nyaya za chini ya bahari zinatua Mombasa, TEAMS na SEACOM tangu 2009, EASSy tangu 2010, na faiba inayopeleka hiyo intaneti Uganda inapita hapa kwetu, Busia na Malaba, sawa na vile lori za mafuta zinapita. Na kama lori, inapita tu.

Sisi wa hapa tunajua thamani ya upande gani wa mstari data yako iko. Januari 2021, wakati wa uchaguzi wa Uganda, intaneti ilizimwa huko kwa siku kadhaa. Niliona watu wakivuka kuja upande wetu kununua laini za Kenya na bando, wamesimama kando ya maduka wanatuma pesa na barua za kazi. Na kabla ya hapo, kuanzia Julai 2018, kulikuwa na ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 za Uganda kila siku, na ukitembea karibu na mpaka upande wa pili ungekuta simu nyingi zina laini ya Kenya. Kwa hivyo nikiongea na wateja nilikuwa nasema kwa kifua: data yako iko hapa nyumbani, iko salama, iko na sisi.

Na kwa tovuti yangu mwenyewe, juu kabisa, niliweka picha. Ukumbi mrefu, makabati meusi pande zote mbili, taa za bluu zinameremeta. Niliitoa mtandaoni. Chini yake nikaandika: "Seva zetu."

Kufikia katikati ya mwaka nilikuwa na wateja 12. Wasee walikuwa wananiita CEO. Hesabu ilikuwa hivi: 12 mara 300 ni shilingi 3,600. Sasa toa. Intaneti 2,500. Ile seva ya Ujerumani kama 700. Mashine inakula wati 60, mchana na usiku, mwezi mzima hizo ni uniti kama 43, nikawa namrudishia mjomba karibu 1,200 ya stima. Jumla 4,400. Nilikuwa napoteza 800 kila mwezi nikiitwa CEO.

Mteja wangu mkubwa alikuwa wakala wa forodha Malaba, mzee wa miaka sitini hivi. Ofisi yake ni chumba kimoja, meza mbili, mafaili hadi kwa dari. Nilimtengenezea mfumo mdogo: karani wake anaingiza namba ya lori, mzigo, na hatua umefika, halafu mwenye lori akiwa Mombasa ama Kampala anafungua tovuti anaona. Mzee alipenda hiyo kitu sana. Aliniambia zamani simu yake ilikuwa haipumziki, wenye lori wanapiga usiku wa manane kuuliza "imevuka?" Sasa wanajiangalilia wenyewe, yeye analala.

Nilikuwa na bakapu. Nataka mjue hilo, kwa sababu nyinyi pia mtasema mna bakapu. Niliandika amri ndogo, kila saa nane usiku inachukua data ya kila mteja, inaibana, inaiweka kwa folda yenye tarehe. Kila asubuhi nilikuwa naingia naona faili mpya ya jana. Taa ya kijani.

Ikafika Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023. Wengi mnaikumbuka. Karibu saa nne usiku stima ikapotea Kenya nzima, hata uwanja wa ndege wa JKIA ukaingia giza. UPS yangu ilikuwa na betri ya volti 12, saa-ampea 7. Zidisha: wati-saa 84. Kwa karatasi, mashine ya wati 60 pamoja na ruta ingekaa zaidi ya saa moja. Lakini betri ilikuwa ya mtumba na imezeeka, na UPS yenyewe inakula yake. Ilikaa dakika 25. Sikuwa nimeipanga iambie mashine izime kwa adabu betri ikiisha. Ikakatika tu, disiki ikiwa inaandika.

Stima ikarudi, ikapotea, ikarudi tena. Kila ikirudi mashine ilijiwasha yenyewe na kuanza kuandika, na kila ikipotea inakatwa tena, na sasa UPS haina kitu. Niliporudi asubuhi nikasikia sauti kutoka ndani. Tak. Tak. Tak. Kama mtu anagonga meza kwa kucha. Fundi yeyote anajua hiyo sauti. Disiki imekufa.

Nikajiambia, tulia, kuna bakapu. Folda za bakapu nilikuwa nazinakili kila wiki kwa flashi. Nikachomeka flashi kwa lapi yangu. Wateja kumi na mmoja, sawa, walipoteza siku sita. Nikafungua ya mzee. Faili ya Agosti: baiti 20. Ya Julai: baiti 20. Ya Juni: baiti 20.

Baiti 20 ni saizi ya faili iliyobanwa ambayo ndani haina chochote. Ni mfuko umefungwa vizuri, hauna kitu.

Mei nilikuwa nimebadilisha nenosiri la hifadhidata yake, kwa sababu za usalama, nikajiona mtaalamu. Sikubadilisha kwa ile amri ya bakapu. Kwa hivyo kila usiku amri ilijaribu kuingia, ikakataliwa, ikabana hewa, ikaiwekea tarehe. Mimi kila asubuhi naona faili mpya, nafurahi. Sikuwahi kufungua hata moja. Sikuwahi kuangalia saizi.

Nilikaa pale kwa magunia kama saa nzima. Mjomba akaingia, akaangalia uso wangu, akasema, "Nani amekufa?"

Ningeweza kudanganya. Mnajua ningeweza. Nchi nzima ilikuwa giza, ningesema ni blackout, ni hackers, na mzee angekubali. Nilikuwa hata nimeanza kuandika huo ujumbe. Kilichonizuia si wema, wacha niwe mkweli. Kilichonizuia ni kwamba karani wake angeniuliza swali moja la pili na singekuwa na jibu.

Jumatatu nikapanda matatu hadi Malaba. Nikaambia mzee kila kitu. Disiki, bakapu, baiti 20. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja tu, na hakuuliza kwa hasira. Alikuwa kweli anataka kujua.

"Kijana, ile nyumba uliniwekea picha, ile ya taa za bluu. Hiyo iko wapi?"

Nikamwambia haiko, mzee. Nikamwambia iko nyuma ya kisiagi cha mjomba wangu.

Akarudia polepole, "Nyuma ya kisiagi." Akaangalia karani. Karani akaangalia chini. Nimefanya makosa mengi maishani lakini hakuna lingine nalisikia mwilini kama hilo. Kupoteza data ilikuwa ajali iliyozaliwa na uzembe. Ile picha haikuwa ajali. Yeye alikuwa amepima hatari yake kulingana na ile picha. Angejua ni kisiagi, labda bado angenipa kazi, ni mzee anapenda vijana. Lakini angemwambia karani aendelee kuandika kwa kitabu kila kitu.

Kwa bahati, karani alikuwa na tabia ya zamani. Hakuacha kabisa kaunta buku. Hakuandika yote, lakini aliandika mengi, na karatasi za forodha zilikuwa kwa mafaili. Nikakaa ile ofisi siku kumi na moja, naingiza lori moja moja, yeye akinisomea mwandiko. Tulirudisha sehemu kubwa. Zingine hazikurudi. Siku ya mwisho mzee alinilipa pesa ya Agosti, nikakataa, akaniwekea kwa mfuko wa shati. Halafu akaniambia kwa heshima kabisa kwamba amepata watu wengine wa kumhifadhia. Sikuweza kusema kitu.

Niliandikia wateja wengine wote ukweli. Wanne walihama. Saba walibaki, na wawili kati yao ndio walinileta wateja wapya baadaye, eti kwa sababu "huyu akiharibu anasema."

Sasa, turudi kwa swali. Ninunue seva gani?

Kodi kwanza. Seva ya kukodi kwa kituo cha data, ikiwezekana Nairobi. Huko kuna jenereta, kuna baridi, kuna laini zaidi ya moja, kuna watu wanaamka usiku. Hiyo ndiyo kitu unauza, si mashine. Na ukaribu si urembo. Mei 12, 2024, EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa nzito kwa siku kadhaa. Siku hiyo nilikuwa na wateja wengine Nairobi na wengine bado Ulaya. Wa Nairobi walikuwa wanafunguka kama kawaida. Wa Ulaya walinipigia simu hadi betri ikaisha.

Usiahidi namba ambayo hujaihesabu. Kila mtu anaandika "asilimia 99" kwa bango. Mwaka una saa 8,760. Asilimia 1 ya hiyo ni saa 87.6, zaidi ya siku tatu na nusu tovuti imelala. Asilimia 99.9 ni saa 8 na dakika 45 hivi kwa mwaka mzima. Ukiwa nyuma ya kisiagi, hizo saa zinaisha wikendi moja.

Funga milango. Siku ya kwanza niliwasha seva yenye anwani ya wazi, kabla ya kulala nilikuta majaribio zaidi ya elfu ya watu wasiojulikana wakijaribu kuingia kama "root" na "admin". Hawakujui, ni mashine zinagonga kila mlango duniani. Ingia kwa ufunguo wa siri badala ya nenosiri, acha wazi 80 na 443 za tovuti, na huo mlango wako wa kuingilia uulinde. Cheti cha usalama usiuze, Let's Encrypt wanatoa bure, kinadumu siku 90, weka kijijazie chenyewe.

Domeini iwe ya mteja. Majina ya .ke yako chini ya KeNIC na unasajili kupitia mawakala. Andika jina la mwenye biashara, si lako. Siku akitaka kuhama, aondoke na jina lake. Mzee wa Malaba alihama siku moja kwa sababu hiyo tu nilikuwa nimefanya sawa.

Na bakapu. Nakala tatu, vifaa viwili tofauti, moja ikae mji mwingine. Lakini hata hiyo haitoshi. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi mimi huchukua bakapu ya mteja mmoja, naifungua kwa mashine tupu, narudisha tovuti nzima, naibonyeza na vidole vyangu. Mpaka ufanye hivyo, hujui una bakapu ama una faili yenye tarehe.

Tena tuna sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kuna kamishna kabisa. Ukishika majina na namba za simu za watu kwa seva yako, wewe si kijana wa saiba anajaribu tu. Una wajibu. Isome.

Sijasema usiwe na mashine yako. Nunua! Ile ya 18,000 bado niko nayo, nimeiweka disiki mpya, imehama kutoka kisiagi iko kwa chumba changu. Hapo ndipo nilijifunza kila kitu najua, kukata kebo, Linux, handaki, kila kitu. Izime ghafla uone itafanya nini. Vunja, rudisha, vunja tena. Lakini vunja vitu vyako. Usiku unaojifunzia, kazi ya mtu asiyejua unajifunza isiwe humo ndani.

Ile picha ya taa za bluu niliitoa jioni ya ile Jumatatu nikiwa bado kwa matatu. Pale ilipokuwa sasa kuna mistari mitatu: seva tunakodi, iko Nairobi; bakapu ziko sehemu mbili; mara ya mwisho tulizijaribu ni tarehe fulani. Hiyo tarehe hubadilishwa kwa mkono, na mimi mwenyewe. Nikisahau, mnaiona. Mkiona imepitwa na mwezi, nipigieni kelele.

Mulembe.